Barafu Kwenye Kibuyu

Asubuhi ile Theopista alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, anachungulia moto wa friji. Ulikuwa moto mdogo tu kama wa kibatari, unawaka kule nyuma juu ya kitangi cha mafuta ya taa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila siku: kupunguza utambi mpaka moto uwe wa bluu, kufuta masizi, halafu kuangalia kama kipande cha tofali chini ya mguu mmoja wa friji bado kiko mahali pake. Friji lile likiinama upande hata kidogo linagoma kugandisha. Kazi aliijua. Kitu ambacho hakukijua ni kwa nini. Moto chini, barafu juu. Alishawahi kumwuliza mwalimu wa sayansi, mwalimu akafikiri anafanyiwa mzaha, akamwambia akae chini. Kwa mtoto mwenye haya kama Theopista hilo lilitosha. Hakuuliza tena mtu yeyote kitu chochote mpaka muhula ukaisha.

Friji lilikuwa la padre mmoja mzungu wa Kashozi aliyekuwa anarudi kwao. Baba yao, Kamugisha, alilinunua kahawa ilipouzwa, akalileta nyumbani Nshambya kwa mkokoteni, watoto wa mtaa mzima wanakimbia nyuma wanaimba. Balaa ni kwamba kahawa ya mwaka ule ilikuwa kahawa ya cherehani. Mama yao, Georgina, aliahidiwa cherehani tangu Clavery yuko tumboni, na Clavery sasa alikuwa na miaka sita na meno ya mbele yameanza kumtoka. Mama alilitazama friji linavyoingizwa mlangoni. Hakugomba. Aliosha vyombo, akavipanga, akajitwika kikapu chake, akaenda kupanda basi la Muleba, kwa baba yake mzee Mutembei. Hii ilikuwa wiki ya tatu.

Theopista aliligeuza jambo hili kichwani likamshinda. Mtu akigomba unajua amekasirika. Sasa mtu akiosha vyombo?

Alipoinuka pale sakafuni akasikia sauti barazani. Ilikuwa ya shangazi Immakulata, dada mkubwa wa Tata, ndivyo walivyomwita baba yao, aliyekuja kutoka Kagondo kuwaangalia.

"Mbwenu, sasa Kamugisha, unangoja nini?"

"Nangoja hasira zimtoke."

"Hasira ya mwanamke si mvua, kwamba utakaa barazani uingoje ikatike. Mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa barua wala kwa salamu. Anafuatwa kwa kibuyu. Kibuyu kifike Muleba, mzee Mutembei akipokee, na mkeo kesho yake yuko jikoni hapo."

Theopista akasogea karibu na mlango. Shangazi akageuka, macho yao yakakutana.

"Na wewe unatafuta nini?"

"Situ... sitafuti kitu, shangazi." Akakimbilia uani, na maneno yaliyobaki hakuyasikia.

Lakini aliyoyasikia yalimtosha. Kibuyu kifike Muleba, kesho yake Mama yuko jikoni. Mbona rahisi hivyo? Na kama ni rahisi hivyo, kwa nini watu wazima wanakaa?

Siku ile shangazi alikuwa amekuja na mtungi wa omuramba, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijatiwa mtama ikageuka rubisi. Walikuwa wanakamua kule kwa jirani yake Protase, Kagondo, akawaletea watoto sehemu yao. Sukari ilikuwa ya foleni wakati ule, unakwenda duka la ushirika alfajiri unarudi na kikapu kile kile, kwa hiyo omuramba ulikuwa sikukuu. Mchana Tata alipoenda kazini na shangazi akashuka kibanjani kwenye migomba, Theopista akawaita wadogo zake wawili, Klaudia wa miaka tisa na Clavery.

"Tunampelekea Mama kibuyu," akasema. Kwa wadogo zake alikuwa na mdomo, si mchezo.

"Cha rubisi?" akauliza Klaudia.

"Rubisi tutatoa wapi? Tutaweka hii."

"Hii si pombe."

"Tutaigandisha. Mama alilikasirikia friji hajawahi hata kuonja kitu chake. Akionja atasema kumbe."

Klaudia akafikiri, akaona ni kweli. Friji lina kosa, basi friji lenyewe liombe radhi.

Wakachuja omuramba kwa kitambaa safi ili nyasi za kukamulia zisibaki. Wakaongeza maji kidogo, maana ule mzito unachelewa kuganda, hilo Theopista alishaligundua mwenyewe. Ndani ya friji kulikuwa na kisahani cha bati chenye vyumba vyumba. Wakajaza vyumba vitano vikubwa na kimoja kidogo cha pembeni, visikaribie ukingoni, kwa sababu barafu inavimba, na hilo nalo hakuna aliyejua kwa nini. Vijiti wakachonga kwa matete. Vikisimamishwa mapema vinalala, kwa hiyo walingoja juu ifanye utando kwanza, halafu Theopista akavichomeka kimoja kimoja.

"Fungua tuone," akasema Clavery.

"Ukifungua baridi inatoka."

"Inakwenda wapi?"

Theopista akauegemea mlango wa friji. Kweli, inakwenda wapi?

Barafu zilikaa humo usiku kucha. Asubuhi ya pili zilikuwa ngumu kama mawe, rangi ya udongo wa kibanjani mvua ikinyesha. Moja ya pembeni, ya sita, ya kuonjea, alipewa Clavery kwanza kwa sababu ya kelele zake. Akaibandika ulimini akaruka.

"Mawe, mama yangu! Inaniunguza!"

"Baridi haiunguzi, mjinga wewe."

"Onja wewe basi!"

Klaudia akaonja, akashika mdomo. "Inaunguza kweli. Halafu tamu. Halafu inaunguza."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakainyonya kwa zamu mpaka kijiti kikabaki kikavu, na Clavery akakitafuna.

Zile tano wakazitumbukiza kwenye kibuyu cha Tata chenye mdomo mpana, wakaziba kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, wakakiviringisha kwa majani makavu, tabaka juu ya tabaka. Klaudia ndiye alisema majani yale bibi alikuwa anafunikia chakula moto wake usitoke, basi na baridi haitatoka. Nani angebisha? Theopista akajitwika akaenda stendi mjini.

Utingo wa basi la Muleba alikuwa Omary, jirani yao, mtu wa maneno mengi.

"Binti Kamugisha! Leo umeleta kibuyu kikubwa kuliko wewe. Cha nani?"

"Cha mzee Mutembei. Muleba."

"Kinatoka kwa nani?"

Theopista alikuwa amelipanga jibu njia nzima: kinatoka kwa sisi watoto, ni zawadi ya Mama, kifunguliwe haraka. Lakini abiria walikuwa wamegeuka wanamtazama, mwanamke mmoja na kuku wake, mwanamume mmoja na gazeti. Jibu likakwama. Akatazama vidole vya miguu.

"Sema basi, au mdomo wako ni wa kulia ndizi tu?"

"Kwa... kwa Kamugisha."

"Nimwambie nini mzee?"

Akatikisa kichwa. Omary akacheka, akakiweka kibuyu mbele karibu na dereva, pale penye joto la injini, ili kisianguke.

Jioni ile Theopista alifagia jikoni mara mbili. Kesho Mama angekuja.

Kesho yake aliyekuja ni Omary, saa kumi na moja, na kibuyu kile kile mkononi. Tata alikuwa barazani na shangazi.

"Kamugisha, mzigo wako huu. Mzee Mutembei amesema urudi kwako."

Tata akakipokea, akakigeuza. Kilikuwa kitupu. Nyumbani kwetu, anasema shangazi, kibuyu cha watu hakirudi kitupu hata siku moja. Hata kama huna kitu unatia punje za kahawa. Humu hapakuwa na punje. Tata akakitikisa, vikaanguka vijiti vinne vya matete.

"Hiki ni nini? Nani alituma kibuyu changu?"

"Wewe," akasema Omary. "Binti yako aliniambia."

Ndipo Omary akasimulia. Alikuta mzee Mutembei ana wageni wawili, wakwe wenzake. Mzee aliposikia kibuyu kimetoka kwa Kamugisha akafurahi, akaita watu wa nyumbani wakae. Akauliza, mwenyewe yuko wapi? Omary akasema hayupo. Ametuma maneno gani? Hakutuma maneno. Mzee akafungua, akamimina kwenye kata. Yakatoka maji ya uvuguvugu, rangi imefifia, na vijiti vinaelea.

"Mzee aliisogeza kata wageni wote waione," akasema Omary. "Halafu akasema, hata rubisi ya kunywa watu wazima kaniona siistahili. Ananiletea ya watoto, iliyotiwa maji, na takataka ndani. Na mwenye kibuyu huonja kwanza mbele ya mkwewe, yeye hakuja kuonja. Kisha akaimwaga uani, akaagiza vijiti virudishwe kibuyuni."

Shangazi Immakulata akashika kichwa. "Yeee, mawe! Rubisi ya watu iko Kagondo kwa Protase inachachuka. Jumamosi mwenyewe anaipeleka. Nani amefanya haya?"

Theopista alikuwa amesimama mlangoni. Klaudia akaanza kulia. Clavery, ambaye haya haijui, akasema, "Ilikuwa barafu ya Mama. Tano. Zilikuwa zinaunguza."

Tata akawatazama wote watatu, halafu vijiti, halafu kule ndani friji lilikosimama na moto wake. Theopista alingoja kipigo. Kipigo hakikuja, na hilo likamchanganya zaidi. Tata aliketi tu, kibuyu mapajani, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie.

"Iliganda kabisa?" akauliza mwishowe.

"Kabisa," akasema Clavery.

"Basi mama yenu hakuiona," akasema Tata polepole. "Hakuna aliyeona."

Jumamosi alikwenda hata hivyo, na rubisi nzuri, kanzu yake nyeupe na fimbo. Usiku haujaingia, amerudi, kibuyu kimejaa vile vile. Mzee Mutembei alikuwa amemwacha nje ya ua. Alimwambia, kibuyu chako ulishakileta, nami nilishakijibu. Tata akajaribu kueleza habari ya watoto, mzee akasema mwanamume anayejificha nyuma ya watoto wake ana hali mbaya kuliko alivyofikiri.

"Kibuyu kinapelekwa mara moja tu, hakuna cha pili," akasema shangazi. "Sasa labda Georgina mwenyewe aseme neno. Baba yake atamsikiliza yeye, sisi basi."

"Ulimwona?" Theopista akauliza. Sauti yake ilimshtua mwenyewe.

"Sikumwona," akasema Tata.

Siku ya Jumapili baada ya misa Theopista alivitoa vile vijiti, akavipanga mezani. Vilikuwa vinne. Akavihesabu tena. Kibuyuni viliingia vitano. Akatoka mbio mpaka kwa Omary, akamkuta anaosha viatu, na safari hii alisema bila kumeza hata neno moja.

"Kaka Omary, mzee alipomwaga, Mama alikuwa wapi?"

Omary akafikiri. "Alikuwa kizingitini. Watu walipoingia ndani akashuka uani, akainama. Nilidhani anaokota kuni."

"Alikuwa anacheka au amekasirika?"

"Alikuwa ameinama, mtoto wangu. Mtu akiinama unamwona mgongo."

Alasiri ile alichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, akaandika.

*Mama, shikamoo. Sisi hatujambo, Clavery ametokwa na jino lingine. Kibuyu kile hakikuwa cha Tata. Kilikuwa chetu mimi na Klaudia na Clavery. Haikuwa maji, ilikuwa barafu tamu, ila njiani ilirudi ikawa vile. Sikumwambia Omary kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Tata alikuwa anakuja mwenyewe na rubisi, hakujua. Tafadhali mwambie Babu. Vijiti vilikuwa vitano. Vimerudi vinne. Kama kimoja unacho wewe, niambie tu ndiyo. Mimi mwanao Theopista.*

Jumatatu akampa Omary. "Mpe Mama mkononi. Mkononi mwake, siyo kwa Babu."

Jumanne alikwenda stendi. Omary akasema, "Nilimpa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kifuani."

"Akasema nini?"

"Akaniambia safari njema."

Jumatano hapakuwa na kitu. Alhamisi hapakuwa na kitu. Kila asubuhi Theopista alilala kifudifudi, akapunguza utambi, akasukuma tofali, na juu kwenye kisahani cha bati aliacha chumba kimoja kimejaa, kijiti kimesimama. Hakujua safari njema ni ndiyo au hapana. Hakujua mtu anaweka barua kifuani ili aijibu au ili asiijibu.

Ijumaa basi la Muleba likaingia limejaa vumbi. Theopista alikuwa amesimama stendi, pale mlango wake unapofungukia. Omary akamwona tangu mbali, akaning'inia mlangoni, na kabla basi halijasimama akamwonyesha viganja vyake viwili, vitupu, bila barua wala kijiti.