Joto Lililovuka Mpaka

Mwaka wa sabini na saba, Uganda ikiwa chini ya jeshi, kiberiti kilikuwa adimu, kitu cha kufungiwa kabatini, na katika shule moja ya Tororo aliyekitunza ni Teopista, mhudumu wa maabara. Mwalimu Obbo aliposaga chuma kikawa unga laini, akakichanganya na mafuta na sabuni hadi akapata mafuta meusi yanayovutwa na sumaku, ni Teopista aliyemwashia mshumaa.

Obbo aliyamimina kwenye mfereji wa bati uliopinda kama bangili, sumaku ubavuni, mshumaa chini. Mafuta yakaanza kuzunguka yenyewe, yamebeba kapi la ulezi mgongoni. Mtu mzima na mvi zake, akarukaruka.

"Yakipata moto, sumaku inayashika kidogo tu," akaeleza. "Yaliyo baridi yanavutwa kwa nguvu, yanayasukuma yale ya moto yaondoke. Na pampu hakuna, Teopista!"

Habari ya mafuta yanayotembea bila amri ilifika kambi ya jeshi ya Rubongi kabla ya chakula cha mchana. Kapteni akaja na askari wawili, akainama, akatazama kapi likipita mara tatu.

"Hii mafuta nakwenda wapi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Obbo akaonyesha dirishani. "Upande ule, afande."

"Ule ni Busia. Mbele ni Kenya. Nabeba nini?"

"Joto, afande." Maskini, hakujua kudanganya.

"Na kurudi, narudi na nini?"

"Yanarudi baridi."

Kapteni akajinyoosha. "Basi nauza joto ya Uganda kule Kenya, narudi mikono mitupu. Hii ni magendo!"

Teopista alibanwa na kicheko. Akakimeza, maana watu walikuwa wamepotea kwa debe moja la kahawa ya magendo.

"Nani aliwasha moto?"

Wanawe wanne wakampitia Teopista kichwani mmoja mmoja.

"Mimi," akasema Obbo.

Wakamtupa nyuma ya Landrova. Mfereji, kwa kuwa ni ushahidi, ulipewa kiti cha mbele, askari akiushika kwa mikono miwili usimwagike. Bila moto mafuta yalikuwa yametulia, na kapteni akayasifu kwa utii.

Teopista alibaki mlangoni. Alipenda kuamini kwamba analia. Lakini moyoni alikuwa anafurahi, anafurahi kabisa kwamba si yeye, na gari lilipokata kona ya Rubongi bado alikuwa anafurahi.