Wanandoa wa Bondeni

Mondo wa bondeni walikuwa wawili, Bwana na Bibi, na kwa miaka minne hakuna aliyemwambia mtafiti vinginevyo. Nani angemwambia? Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kando ya matete, na ndani yake alikuwa amebaki yeye, kompyuta, na jokofu lenye maneno mengi kuliko wote.

Mondo ni paka wa porini, mwenye miguu mirefu na masikio makubwa kupita kichwa kinachoyabeba. Huwinda panya na vyura kwenye majani ya majimaji, na bonde likikauka, naye huhama. Ndiyo maana mtafiti aliwafuatilia: ukimwona mondo, jua maji bado yapo. Kila mmoja ana madoa yake, kwa hiyo ukimpiga picha ubavuni umeshamtambua. Bwana alipita mbele ya kamera ya matete, jioni, akionyesha ubavu wa kushoto. Bibi alipita mbele ya kamera ya tutani, alfajiri, akionyesha wa kulia. Hawakuwahi kupigwa picha pamoja hata siku moja.

"Hawa wamenuniana," mume wa mtafiti alisema siku walipowapa majina. Mume huyo alikuwa mpima maji wa kituo. "Mume ana njia yake, mke ana njia yake." Walicheka mpaka chai ikapoa. Halafu mpima maji akapata kazi mjini, akaenda kwa miezi mitatu, mitatu ikawa sita, na asubuhi moja ukaja ujumbe wa mistari minne kwamba asimsubiri. Miaka miwili sasa. Mabuti yake ya mpira yalikuwa bado mlangoni, na buibui alishahamia ndani ya moja.

Mama hakujua. Kila Jumapili mchana alipiga simu, na kila Jumapili aliuliza, "Mkwe wangu hajambo?" Bintiye alijibu bila hata kumeza mate, "Yuko bondeni, mama, anapima maji." Mwanzoni alisema hivyo ili asimpandishe mama presha. Baadaye, tusidanganyane, alisema kwa sababu kwa dakika kumi za simu nyumba ilikuwa na watu wawili. Mama aliuliza na wale paka pia, naye alijibu hawajambo wote. Kisha alikata simu, na jokofu likaendelea kunguruma.

Alhamisi moja alitoa kadi kwenye kamera ya matete, akaiweka kwenye kompyuta, akakuta picha tatu zilizofuatana sekunde kwa sekunde. Ya kwanza, Bwana anapita zake, hana hili wala lile. Ya pili, kitu kimechakarisha nyuma yake, amegeuza kichwa. Ya tatu, amegeuka mwili mzima, ubavu wa kulia huu hapa, na juu ya paja kuna doa lenye umbo la kwato, na chini yake vidoa vitatu kwenye mstari.

Lilikuwa doa la Bibi.

Mtafiti alipigwa na butwaa. Alifungua picha za miaka yote minne, akazipanga kwa saa. Jioni kwenda, alfajiri kurudi. Alikuwa mnyama mmoja, mwenye madoa tofauti kila ubavu, anayekwenda kuwinda kwa njia hii na kurejea kwa njia ile. Wenye vifaa vya kutosha huweka kamera mbili zinazotazamana ili zipate mbavu zote kwa mpigo. Yeye alikuwa nazo mbili tu kwa bonde zima, akazitenganisha ili aone kwingi. Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yeye ana shahada tatu.

Aibu ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni yule paka. Miaka yote hiyo alikwenda na kurudi peke yake, na kila aliporudi, mtu alimwandikia mke.

Alimpigia mkuu wa utafiti, mtu mwema mwenye sauti ya uchovu, akamweleza picha zote tatu.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Ripoti zote zinasema wawili."

"Nilikosea mimi."

Mkuu alishusha pumzi. "Dada, wawili naweza kuwatetea, maana wanaweza kuzaa. Mmoja? Kituo kitafungwa kabla mwezi haujaisha. Hiyo picha ya tatu, nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Haya basi," alisema mkuu, akamwachia mzigo wake.

Ijumaa na Jumamosi alishinda mbele ya ripoti, ameshika tama. Kuandika wawili kulikuwa rahisi, uzoefu alikuwa nao. Angebaki na kazi, na nyumba, na Bwana na Bibi. Lakini akiandika hivyo, bonde lingehesabiwa kuwa zima. Nani angehangaika kufungua njia ya matete hadi bonde la pili ili mondo mwingine aweze kufika? Kila mtu angesubiri watoto wasiokuja, na katikati ya hesabu hiyo nzuri mnyama mmoja angezeeka peke yake. Jumapili asubuhi alipiga moyo konde, akaandika mmoja, akaambatanisha picha zote tatu, akatuma. Halafu akalia kwa sauti, kwani nani angemsikia?

Mchana simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshakula?"

"Nimekula."

"Mbona sauti imekauka hivyo? Mkwe wangu hajambo?"

Mtafiti aliyatazama mabuti mlangoni. Jibu lilikuwa tayari ulimini, lilelile la miaka miwili. Safari hii alilimeza.

"Mama, wale mondo wangu. Niliwahesabu vibaya. Ni mmoja."

"Mmoja? Si ulisema ana mwenzake?"

"Hana, mama. Yuko peke yake. Siku nyingi tu."

Upande wa pili redio ilipunguzwa, kisha ikazimwa kabisa. Kiti kilivutwa. Mama alipozungumza tena, alizungumza polepole.

"Mwanangu, unaniambia habari za paka?"

"Za paka pia, mama."