Nahodha wa Sehemu ya Pili

Nyumbani fundi wa meno bandia aliitwa Chiriku. Jina alipewa na kaka yake tangu utotoni, maana alikuwa haishiwi maneno. Kaka mtu naye alikuja kuitwa Nahodha, akiwa tayari mtu mzima mwenye ndevu, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta.

Kazi ya Nahodha ilikuwa kuchora ramani. Mchana alichora mipaka ya viwanja vya watu, na akirudi alikuwa na mchezo mmoja tu, Merikebu ya Tisa. Ulikuwa mchezo wa safari za anga, wa aina ile ambayo mchezaji hujitengenezea mtu, akampa sura na jina, kisha akaamua aseme nini na atende nini, na dunia ya humo ndani ikamkumbuka kwa aliyoyatenda. Watu wa merikebu yake aliwapa majina ya nyumbani. Mama akawa mhandisi wa mitambo. Chiriku akawekwa kwenye redio. Mjomba akawa mpishi, na mjomba mwenyewe aliposikia alinuna wiki nzima.

"Yaani hata huko angani mmenitupa jikoni?"

Ulikuwa mchezo mkongwe, sura za watu ndogo kama stempu. Haukuwa na sauti za watu. Ulikuwa maandishi matupu, tena ya lugha ya kigeni ambayo Mama hakuijua. Hata angeijua, macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu. Basi alikaa kwenye kiti cha nyuma akifuma, mwanawe akimsomea na kumtafsiria papo hapo, kila mtu na sauti yake: mjomba kwa pua, Chiriku kwa kasi, maadui kwa kunong'ona. Ikitokea Nahodha akacheza peke yake, Mama alilalamika kwamba amerukwa.

Nahodha alifariki kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka thelathini na minne. Chumba chake kilifagiliwa, kitanda kikatolewa, kompyuta ikafunikwa kitambaa. Hakuna aliyeigusa kwa miezi minane.

Kisha fundi wa kompyuta aliyepanga chini ya karakana ya Chiriku akamsimamisha kwenye ngazi.

"Dada, ule mchezo wa marehemu umetoka sehemu ya pili. Halafu unachukua mafaili ya zamani. Nahodha wake anaendelea pale alipoishia."

Siku nzima alifanya kazi huku akiyawaza maneno hayo. Alikuwa na seti ya meno ya juu ya kumalizia, na mara mbili alijikuta ameshika kisu cha nta mkononi, hajui alikuwa anataka kukata nini. Jioni alimwambia fundi aje aiandae mashine.

Jumamosi mchana alifunua kompyuta. Mama akavuta kiti chake, akakaa palepale alipozoea kukaa.

Sehemu ya pili iliishinda ya kwanza kwa kila kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole. Nyota zilikuwa na kina. Milango ilifunguka kwa mvumo uliosikika mpaka kifuani. Zamani Nahodha alipotea nusu saa kwenye korido zinazofanana; sasa mshale wa buluu ulielekeza njia. Zamani mtu akisemeshwa alipewa majibu kumi, mengine marefu kama barua. Sasa yalikuwa matatu, kila moja neno moja. Na watu walisema kwa sauti zao.

Halafu nahodha akageuka. Mchezo ulikuwa umezichukua zile alama za sura ambazo kaka yake alizipanga miaka ile, ukazikuza zikajaa kioo. Masikio yaliyochomoza ni yake. Paji la uso ni lake, na ule mkunjo kati ya nyusi pia. Kisha yule mtu akatabasamu, akaonyesha meno thelathini na mawili meupe, yamenyooka kama vigae.

Kaka yake alikuwa na jino la mbele lililovunjika. Chiriku mwenyewe ndiye aliyemtengenezea la bandia, akakosea rangi kidogo, likawa la kijivujivu, na Nahodha akakataa lirekebishwe. Alisema ndiyo saini ya fundi.

Nahodha wa kwenye kioo akasema jambo kwa sauti nzito, ya mtu aliyeshiba.

"Huyo nani?" Mama akauliza.

"Ndiye Nahodha, Mama."

"Huyo siye."

Chiriku aliendelea kuufuata mshale mpaka chumba cha mawasiliano. Hapo taa zikapungua, redio ikakwaruza, na chini ya kioo likatokea jina la anayezungumza: CHIRIKU. Sauti ya mwanamke, changa na yenye kuchoka, ikasema maneno ambayo aliyatafsiri bila kukusudia, mdomo ukitangulia akili.

"Nahodha, bado niko kituoni. Mlango bado nimeushika. Mmefika nyumbani?"

Mama akaacha kufuma. "Kituoni wapi?"

Chiriku alijua ni wapi. Mwisho wa mchezo wa kwanza kaka yake alikuwa amemsimulia mara nyingi, jinsi alivyousikia kwa wachezaji wengine. Merikebu inatoka kwenye kituo kinachoungua, na mlango wa kutokea lazima mtu mmoja aushike kwa ndani. Nahodha haruhusiwi kubaki. Ni yeye anayetaja jina la wa kubaki. Kila alipomuuliza kaka yake alimtaja nani, alicheka, akasema hajafika huko.

Kumbe alifika. Na akamtaja yeye.

Jumatatu alimfuata fundi wa kompyuta, akajifanya anauliza la kiufundi tu. Inakuwaje sehemu ya pili inajua nani aliachwa?

"Inasoma kwenye faili."

"Na kama faili halikufika mwisho?"

Fundi akafikiri. "Hapo inajaza yenyewe. Inachukua jina la kwanza kwa alfabeti, iende mbele. Haiwezi kuanza na pengo."

Chiriku hakusubiri Jumamosi. Alipita karakanani, akageuza kibao cha mlangoni upande wa PAMEFUNGWA, akarudi nyumbani mchana kweupe. Akafungua mchezo wa kwanza, akaingia kwenye orodha ya mahali kaka yake alipohifadhi. Kulikuwa na hifadhi kumi na moja, zote mbele ya mlango uleule, zote za miezi miwili ya mwisho, alipokuwa hatoki tena kwenda kazini. Kila moja ilikuwa na kichwa alichokiandika mwenyewe. *Mjomba, hapana. Mama, hapana. Chiriku, hapana.* Halafu tena, *Mjomba*, alama ya kuuliza, *hapana*. Alikuwa akimtaja mtu, akimwona anabaki, kisha anarudi nyuma na kuanza upya. Chiriku yuko mara nne, na hapana nne.

Ya mwisho ilihifadhiwa saa tano asubuhi, siku aliyofariki. Kichwa chake kilikuwa neno moja: *kesho*.

Asubuhi ile Nahodha alimpigia Chiriku simu, akamwambia aje wamalizie mchezo pamoja. Lakini alikuwa na mgonjwa wa kupima taya. Akasema kesho.

Mama alimkuta ameinamia kibodi. Hakumuuliza analia nini. Alivuta kiti.

"Nisomee," alisema.

Chiriku akasoma. Mwanzoni alisoma kama anayesoma risiti, halafu mjomba akaanza kuongea kwa pua, na mhandisi kwa utaratibu, na moto ukanguruma kwa herufi tu. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamesimama mbele ya mlango, wazima, wakimngoja nahodha aseme. Mchezo haukumharakisha. Ungeweza kuwaacha hapo mwaka mzima, na ulikuwa karibu kufanya hivyo.

"Kwa hiyo mmoja abaki, wengine waende," Mama alisema.

"Tunaweza kuzima tu, Mama."

"Tukizima, yule aliyeachwa kwenye mchezo mpya si anabaki kuwa wewe?"

"Ndiyo."

"Basi nitaje mimi. Mitambo naijua."

"Siwezi."

"Kaka yako naye hakuweza, ndiyo maana amekaa hapo mlangoni mpaka leo. Nitaje, mwanangu. Mama mtu ndiye anayesema."

Akamtaja. Mhandisi akasema mistari mitatu, Chiriku akaitafsiri yote bila kuruka neno. Mlango ukafungwa. Merikebu ikatoka, na maandishi yakasema kwamba nahodha alilala siku mbili bila kuota. Mama akainuka polepole, akaenda kuanua nguo.

Walirudi kwenye sehemu ya pili wakiwa na faili lililokamilika. Kwenye chumba cha mawasiliano redio ikakwaruza, jina likatokea: MAMA. Sauti ilikuwa ileile changa, haikubadilishwa.

"Anauliza kama tumefika nyumbani," Chiriku alisema.

"Mwambie tumefika."

Lakini majibu yalikuwa matatu: *Subiri. Samahani. Kimya.* Alitafuta la nne kwa muda mrefu, kisha akabonyeza *Subiri*.

Iliwachukua Jumamosi sita kufika kituoni alikoachwa mhandisi. Mshale ukawapitisha kwenye korido zilizoungua, ukawaleta kwenye chumba kidogo, ukageuka papo hapo kuelekea njia ya kutokea. Maandishi yakatangaza kazi imekamilika. Hapakuwa na mtu. Mshale ukawa unawakawaka, na Chiriku hakusogea.

"Mbona umesimama?" Mama aliuliza. "Kuna nini humo?"

"Hakuna kitu. Taa inawaka. Kuna kitanda."

"Kimetandikwa?"

Chiriku akasogeza uso karibu na kioo. Mtengenezaji fulani, mahali fulani, alikuwa amekichora kitanda kile mpaka mikunjo ya shuka.

"Kimetandikwa."

"Basi kuna mtu," Mama alisema. "Tumngoje."