Galoni ya Waingereza

Boinali alikuwa fundi wa mashine katika bandari ya Mahajanga, Madagaska, mtu wa kuaminika katika hesabu. Mwaka 1943, baada ya askari wa Kiingereza kupita mjini, Wafaransa walimpeleka kisiwa cha Nosy Be kufunga pampu iliyoachwa na askari hao. Ilikuwa ivute maji ya kisima kipya cha kijiji cha Marodoka na kuyafikisha mjini Hell-Ville, kwenye matangi ya meli.

Injinia Mfaransa alikuwa amekwisha kukipima kisima.

"Lita tatu kwa sekunde," alimwambia. "Ukizidisha, bahari itaingia chini kwa chini."

Lakini kipimo cha pampu kilihesabu galoni kwa dakika. Boinali hakuona shida. Bandarini aliwahi kupima madebe ya mafuta ya taa kutoka Amerika: debe limeandikwa galoni tano, nalo huchukua karibu lita kumi na tisa. Basi galoni moja ni lita tatu na nukta nane. Lita tatu kwa sekunde ni mia na themanini kwa dakika. Akagawanya, akapata galoni arubaini na saba. Akafungua koki mpaka mshale ukasimama hapo.

Alikaa kwa shangazi yake Fatoumia, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa hatua sitini kutoka pampuni. Majirani wote walichota kisimani kwake. Wiki ya tatu alimwekea Boinali chai, naye akaiacha baada ya funda moja.

"Ni maji," Fatoumia alisema kwa Kikomori chao cha nyumbani. "Yamebadilika tangu Ijumaa."

"Ni kiangazi, shangazi. Mvua ikinyesha yatakaa sawa."

"Kiangazi nimekiona miaka hamsini na minane hapa hapa."

"Hesabu nimeipiga mara mbili."

Fatoumia akaondoa kikombe.

Siku nne baadaye, watoto wa jirani walipoanza kuumwa matumbo, Boinali aliweka pipa la lita mia mbili chini ya bomba na kushika saa yake. Lingepasa kujaa kwa sekunde sitini na saba. Lilijaa kwa hamsini na sita. Akalimwaga, akarudia. Hamsini na sita.

Alikaa kando ya mashine mpaka akaelewa. Pampu ilitoka Uingereza, na galoni ya Waingereza ni kubwa kuliko ya Waamerika: ni lita nne na nusu. Kisima kilikuwa kimevutwa zaidi ya lita tatu na nusu kila sekunde, bila kupumzika, karibu mwezi mzima.

Alifunga koki, akamweleza injinia kila kitu. Mfaransa alionja maji, akatema.

"Andika kwamba kisima ni dhaifu. Tutachimba kingine huko juu."

"Na kisima cha watu?"

"Chumvi huingia kwa siku chache, Boinali. Kutoka ni miaka."

Alasiri ile alimkuta shangazi yake akichagua mchele.

"Kosa ni langu. Galoni niliyoijua si hii yao."

"Zinapishana kiasi gani?"

Akapanga vikombe vitano mkekani, kisha akaongeza cha sita. Fatoumia akakigusa kile cha sita.

"Kikombe kimoja," akasema, akaendelea na mchele wake.

Mvua zilikuja na kwisha, maji hayakupona. Fatoumia alifunga nyumba akahamia Hell-Ville kwa binti yake Nadjma. Boinali alimbebea sanduku mpaka mlangoni.

"Nimekusamehe," shangazi alimwambia. "Lakini usije kabla ya Ramadhani. Sasa hivi nikikuona nakasirika."

Boinali alirudi Mahajanga. Ramadhani ilipofika alivuka tena, akapokewa vizuri, wakafuturu pamoja. Habari za Marodoka hazikuguswa na yeyote. Alfajiri aliondoka, na Nadjma ndiye aliyemsindikiza.