Watoto wa Jirani

Sabina alimpa mbwa wake jina la Jirani, na jina hilo nusura livunje ujirani wenyewe. Wiki nzima mwenye nyumba, Raya, alikuwa akimsikia mpangaji wake uani akisema, "Jirani, acha uchafu," au "Jirani, hapo si pako," akajua anasemwa yeye. Alipokwenda kumuuliza kulikoni, akaoneshwa jibwa jike la rangi ya udongo, limelala kivulini na mkia unapigapiga chini. Raya alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akatoa masharti: yeye ni mtu wa swala, mbwa asiingie ndani kwake wala asiguse vyombo, na alale nyuma, kwenye upenyo chini ya lile jiwe kubwa ambalo mafundi walishindwa kulipasua, wakaamua kujenga nyumba kwa kulizunguka.

Hiyo ilikuwa Mabatini, mtaa wa mlimani, katika nyumba ambayo Raya aliachiwa na marehemu mumewe. Binti yake wa pekee, Moza, alikuwa ameolewa Ilemela. Sabina alikuwa mtu wa Sengerema, anauza dagaa soko la Mwaloni, hana mume wala mtoto. Polepole wanawake hao wawili wakazoeana mpaka wakawa wanapika jiko moja. Mwezi wa Ramadhani Sabina ndiye aliyekuwa akikoroga uji wa futari, na yeye mwenyewe hakula mchana mbele ya Raya hata siku moja, ingawa hakuna aliyemkataza.

Mwaka jana tumbo la Sabina lilianza kujaa huku mikono na mashavu vikikonda. Watu wa sokoni walimtania kwamba ana mimba, naye alicheka pamoja nao. Asubuhi moja, siku ya pili baada ya Jirani kuzaa watoto watano chini ya jiwe, Sabina alikwenda bombani kupiga mswaki akatapika damu. Ilikuwa nyingi. Raya alimfunga khanga kifuani, akaita bajaji, akampakia na kumlaza kichwa mapajani.

Jirani aliwaacha watoto wake akaikimbiza ile bajaji. Raya alimwona kwa nyuma, masikio yamelala, chuchu zinaning'inia, anateremka nao mlima hadi barabara kubwa. Pale gari la mizigo likamgonga. Sabina alikuwa amejivutia upindo wa khanga usoni, hakuona, na kwa kelele za barabara hakusikia. Raya alimwambia tu dereva aongeze mwendo.

Hospitalini madaktari walisema ni kichocho, ugonjwa alioupata utotoni kwa kuoga na kuteka maji ziwani, ukakaa miaka yote hiyo ukilila ini kimyakimya.

Raya aliporudi nyumbani alasiri, alisikia vilio vyembamba chini ya jiwe. Mihayo, fundi wa kuchomelea aliyepanga chumba cha mbele, alikuwa ameshamzika Jirani. Alimshauri Raya watoto wale watiwe kwenye mfuko wakatupwe mto Mirongo, maana bila mama wangekufa tu, tena kwa mateso. Hakusema kwa ubaya. Kwao, kijijini, ndivyo walivyofanya.

"Mwenyewe yupo hospitali," Raya alimjibu. "Akirudi atawauliza. Nimwambie nini?"

Alilitandika beseni kwa khanga kuukuu, akawaingiza mmoja mmoja. Hakuwa amewahi kumshika mbwa maishani mwake. Walikuwa wa moto kidogo, vipofu, ngozi zinateleza juu ya mifupa. Alichemsha maziwa, akampakata mmoja chali kama alivyokuwa akimpakata Moza, akamtilia kwa kijiko. Yule mtoto alikohoa, maziwa yakamtokea puani. Kabla ya magharibi alikuwa amekufa.

Kesho yake Raya alikwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji, mama mmoja anayeitwa Justa, alimsikiliza kisha akamweleza kwa upole kwamba mtoto wa mbwa hanyweshwi chali. Maziwa humwingia mapafuni. Anawekwa kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, ananyweshwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Maziwa yachanganywe na kiini cha yai. Kwenye beseni iwekwe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kwa kuwa hawana joto lao wenyewe. Na kila baada ya kunywa, wapanguswe chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, vinginevyo hawatakojoa. Ulimi wa mama ndio unaofanya kazi hiyo.

Raya alikunja uso. "Kwa hiyo nimemuua mimi."

Justa alimwambia wengi huanza hivyo.

Basi akawa mama wa mbwa. Alitenga gauni moja la kazi hiyo, na kila alipomaliza kuwahudumia alijiosha kwa udongo na maji, mara saba kama alivyofundishwa utotoni chuo cha Kurani, ndipo aende kuswali. Siku nzima ilikuwa kunywesha, kupangusa na kuosha, kisha kuanza tena. Moza alikuja akamkuta na lile bomba mkononi, akasema maneno mengi: kwamba watu watamwonaje, na kwamba mbwa si wake hata. Raya alimwacha amalize, kisha akamwomba amshikie chupa ya maji ya moto. Moza aliishika kwa ncha za vidole.

Mtoto mdogo kuliko wote alikataa kunywa, akazimika taratibu kama anayesinzia. Wakabaki watatu, na hao wakaanza kunenepa.

Hospitalini Raya alikwenda kila siku na uji. Sabina aliulizia mbwa kabla ya jambo lingine lolote. Raya alimjibu kwamba watoto wananyonya vizuri, na moyoni akajiambia kwamba huo si uongo. Lakini Sabina aliuliza kama Jirani anakula, Raya akasema anakula. Aliuliza kama anamtafuta, Raya akasema alimtafuta siku mbili tatu, sasa ametulia. Kila siku uongo ulihitaji kulishwa kama wale watoto. Siku alipomwambia kwamba wamefumbua macho, Sabina alitabasamu akataka kujua ni ya rangi gani. Raya alisema yana ubuluu wa moshi. Hilo lilikuwa kweli, na alifurahi kuwa na jambo moja la kweli la kumpa.

Siku nyingine, Raya akimshikia kikombe, Sabina aliuangalia mkono wake. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, kucha zimebaki na wekundu wa udongo. Akaushika, akaugeuza.

"Mama Moza, huku ni kujitoharisha."

"Ni sabuni tu, mwanangu."

"Miaka yote nimekaa kwako. Najua unavyonawa mbwa akikugusa." Alivuta pumzi. "Ni wewe unayewalea. Mama yao yuko wapi?"

Raya alikiweka kikombe chini. Wodi ilikuwa na watu, jirani wa kitanda cha pili alikuwa akisali rozari kwa sauti ya chini.

"Aliifuata bajaji," alisema. "Gari lilimgonga palepale barabarani. Hakuteseka."

Sabina aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yamebaki mifupa, na yalitikisika bila sauti. Raya alikaa akimpapasa mgongo. Kisha Sabina alisema, bado ametazama ukuta, "Sasa usinifiche na lingine. Daktari amekwambia nini juu yangu?"

Raya alikuwa ameitwa pembeni tangu juma lililopita. Alikuwa ameamua kwamba neno lile Sabina hatalisikia kutoka kwake.

"Amesema ini limekwisha, mwanangu."

Sabina aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Aliomba azikwe kwao Sengerema, karibu na mama yake, na kaka yake Obedi aarifiwe mapema asije akasikia kwa watu. Halafu akasema, "Hao watoto watafutie watu. Umeshafanya ya kutosha. Urudi kwenye swala zako kwa raha."

"Swala zangu hazijapungua," Raya alisema.

"Najua. Lakini mikono itapona."

Hawakuzungumza tena habari za ugonjwa. Siku zilizobaki Sabina alitaka kusikia juu ya watoto tu: nani anamkanyaga mwenzake, nani amebweka. Alifariki alfajiri ya Jumapili. Raya alipofika na uji wake, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Kesho yake walivuka naye daraja la Busisi hadi Sengerema, wakamzika mchana. Raya alisimama na wanawake wa kwao Sabina, akashika udongo, akautupia kaburini. Hakulia. Wenyeji walimwona mtu mwenye moyo mgumu, au labda walidhani ni mwenye nyumba tu aliyekuja kwa adabu. Siku hizo mbili Mihayo ndiye aliyewanywesha watoto, na aliporudi Raya alimkuta ameketi mbele ya beseni, anamsuta mmoja wao kwa kumng'ata kidole.

Baada ya mwezi Obedi alikuja na gari kuchukua vitu vya dada yake: kitanda, ndoo, turubai za kuanikia dagaa. Alimwamkia Raya shikamoo, akamwambia kwamba alipomzuru hospitalini siku za mwisho, Sabina alimwachia neno watoto wa mbwa waende kwake, wakalinde ng'ombe. Raya aliwatoa mwenyewe. Walikuwa wazito sasa, wanachezacheza na pindo la gauni lake. Alipoliweka boksi lao nyuma ya gari, juu ya godoro la Sabina, walianza kulia, na ndipo naye alipolia. Alilia akishikilia ubavu wa gari, kwa sauti, bila kuficha uso, mpaka majirani wakatoka.

Obedi alidhani analilia mbwa. Alitaka kumwachia mmoja, yule jike wa rangi ya udongo.

"Hapana," Raya alisema. "Wachukue wote. Wamezoeana."

Gari likateremka mlima. Chumba cha Sabina kilikaa kitupu hadi masika. Waliokuja kukiulizia, Raya aliwaambia kimeshapata mtu.