Kilichokuwa Nyuma ya Simu ya Luan

"Arobaini na moja, umefunguka," nilisema kwenye redio ya mkononi, nikaufunga mlango wa gari na kurudi kwenye kigingi chekundu kilichosimikwa juu ya barafu. Kutoka kigingini hadi garini ni hatua thelathini. Simu ya Luan ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa koti langu, na sikuruhusiwa kuigusa. Nilitembea. Kwenye hatua ya ishirini na nne taa ziliwaka, vishikio vya milango vikachomoza, na nilipovuta, mlango ukaja.

"Arobaini na mbili, umefunguka."

"Dada Ke, hujaridhika tu?" Mhandisi Shao alikuwa chumbani kwenye joto, na sauti yake ilisikika hivyo. "Simu ni nzima. Gari ni zima. Sasa mbovu ni nani?"

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini mchana, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na basi dogo la kwenda stesheni lingeondoka saa tisa. Nisipopata sababu kabla ya hapo, Luan angekuwa ndani yake na mizigo yake.

Luan Dehai ni dereva wetu wa majaribio. Kila msimu wa baridi huja hapa Heihe, kaskazini mwa China, kwa miezi mitatu, huendesha magari ya umeme juu ya ziwa lililoganda, kisha hurudi kwao. Gari la safari hii halina ufunguo mwingine ila simu. Ukilikaribia, linakutambua na kujifungua. Lisipokutambua, unagusisha mgongo wa simu kwenye nguzo ya mlango. Asubuhi hiyo, ng'ambo ya ziwa, Luan aliteremka kukagua tairi, mlango ukajifunga, na gari likamkana. Aligusisha simu mara kumi na moja. Likamkana. Alisimama kwenye upepo dakika ishirini na mbili mpaka tulipomfikia, sikio moja limeshakuwa jeupe kama nta.

Hiyo ilikuwa mara ya saba, na mara zote saba zilikuwa zake. Madereva wengine wanne hawakuwa na hata moja. Jioni ile ripoti ilitakiwa iende makao makuu ikiwa na sahihi mbili, ya Shao na yangu, kuthibitisha kwamba ufunguo wa simu ni wa kutegemewa. Ukifuta jina la Luan, ripoti ilikuwa safi kabisa. Shao alishasema ni mzembe, anaiacha simu izimike kisha anasingizia gari, na kwamba arudishwe kwao leo.

Mimi sikusomea kazi hii darasani. Nilianza kwa kutengeneza redio za watu, na nilichojifunza ni kwamba kifaa kikimkataa mtu mmoja tu, usianze na mtu. Nilipofika hamsini bila kosa, nilikwenda bwalo la chakula.

Luan alikuwa amekaa karibu na bomba la joto, buti amezivua, sikio limepakwa dawa. Mama Mu, mpishi wetu, alikuwa akimpakulia mchuzi wa kabichi na tambi.

"Kula mwanangu. Mlango wa jikoni hauombi simu."

"Cheka tu, Mama Mu. Siku friji lako likikukataa, utanipigia magoti."

"Friji langu lina adabu. Ni wewe unayenuka dizeli, magari ya umeme yanakuogopa."

Watu walicheka. Luan naye alicheka, lakini begi lake lilikuwa limeshafungwa, liko miguuni pake.

Nilikaa mbele yake na kufungua daftari. Makosa yale saba nilikuwa nimeyapanga kwa baridi, kwa upepo, kwa chaji ya betri, kwa umbali. Hayakupatana kwa lolote. Safari hii niliyapanga kwa tarehe tu. Kabla ya kwenda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya, Luan alikuwa amefungua gari mara mia sita na kumi na mbili bila kosa. Yote saba yalikuja baada ya sikukuu.

"Kaka Luan, ulirudi na nini kutoka nyumbani?"

"Soseji za wifi yako. Si ulikula mwenyewe?"

"Na nini tena?"

Alivuta miguu yake chini ya kiti, na hapo ndipo nilipoziona soksi. Zilikuwa nyekundu, mpya.

"Mwaka huu ni wa farasi," nilisema. "Wewe ni farasi."

"Farasi mzee. Nina arobaini na nane."

Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na mtu ambaye mwaka wa mnyama aliozaliwa nao umerudi, baada ya miaka kumi na miwili, huvaa chekundu, maana huo ndio mwaka wa kujihadhari. Soksi, mkanda, nguo ya ndani. Mke au mama ndiye hununua. Na huwa haishii kwenye soksi.

"Simu uliyonipa leo haikuwa na kava," nilisema.

"Sheria yenu inasema simu ipimwe uchi."

"Na ziwani unaibeba uchi?"

Aliingiza mkono ndani ya shati na kutoa kava jeusi la plastiki. Ndani yake, penye mgongo wa simu, kulikuwa na kadi ya hekaluni, kipande chembamba cha shaba iliyopakwa dhahabu, kimechorwa farasi na maneno ya kuomba amani. Kilikuwa na upana karibu sawa na wa simu, na shaba huziba mawimbi ya redio.

"Usiniambie niitoe," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa farasi uliopita gari langu lilizama mtoni. Mke wangu Guizhen alikaa siku mbili hajui kama ni mke au mjane. Nimemwahidi haitoki kwenye simu mpaka mwaka uishe."

"Sijakuambia uitoe. Nakuomba twende nayo kwenye barafu."

Saa saba na nusu tulikuwa kigingini. Luan aliitia simu mfukoni, kioo kikielekea nje. Mlango ulifunguka. Nikamwambia aigeuze, mgongo uelekee nje, kadi ile iwe kati ya simu na gari. Akatembea hatua thelathini, akasimama ubavuni mwa mlango, na gari likakaa kimya kama halijawahi kumwona. Tulirudia mara kumi kila upande. Kioo nje, mara kumi ulifunguka. Mgongo nje, mara tisa ulikataa. Na alipogusisha mgongo wa simu kwenye nguzo, haukufunguka hata mara moja.

"Kwa hiyo ni mimi," Luan alisema.

Shao alikuwa ameshatoka, kofia ya manyoya imefunika nyusi. Alilisoma daftari langu haraka.

"Basi! Imeandikwa simu uchi. Kavunja sheria. Dereva, saa nane inapita, kamata begi lako. Dada Ke, tia sahihi."

Alininyooshea kalamu. Sikuipokea.

"Sheria hiyo niliiandika mimi," nilisema. "Nilitaka vipimo safi. Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Twende bwaloni nikuonyeshe."

Niliwaomba wote waliokuwepo wavue makava ya simu zao: madereva waliokuwa mapumzikoni, walinzi, wapishi. Zilikuwa simu kumi na mbili. Tisa zilikuwa na kitu. Kadi za benki, kadi ya basi, picha ya mtoto, noti iliyokunjwa, kadi tatu za hekaluni kama ya Luan. Mama Mu alikuwa na mbili, ya hekalu na ya duka la nyama.

"Na wewe Mhandisi?" aliuliza, mwiko mkononi. "Au wewe huogopi kitu?"

Shao alisita, kisha akavua. Kulikuwa na bamba la chuma, la kunasishia simu kwenye dashibodi.

"Hiki ni kidogo," alisema.

"Tutakipima," nilisema.

"Unajua makao makuu watasema nini? Wiki mbili zaidi, Dada Ke. Wiki mbili!"

"Luan amesimama dakika ishirini na mbili na sisi tulikuwa karibu. Mnunuzi atakuwa peke yake barabarani. Wengine wote tuliwapima na simu uchi, na hakuna mnunuzi anayetembea hivyo; yake tu ndiyo ilikuwa kama ya mnunuzi. Akiondoka yeye, hakuna ripoti."

Shao aliitazama kalamu, akaitia mfukoni. Hakusema ndiyo. Basi dogo lilipopiga honi saa tisa, alitoka mwenyewe, akamwambia dereva wa basi aende bila Luan.

Luan alivaa buti zake tena.

Nilichora jedwali jipya, mstari mmoja kwa kila kitu tulichokikuta na majaribio ishirini kwa kila mstari, tukarudi kigingini. Kadi ya benki tulimaliza. Kadi ya basi tulimaliza. Noti haikuzuia chochote. Tulipofika kwenye bamba la Shao, jua lilikuwa limegusa ukingo wa ziwa na wino wa kalamu yangu umeganda.

"Kumi na saba," Luan alisema kwenye redio, amesimama mbele ya mlango. "Umekataa."

Nilikwaruza alama kwa ncha kavu kwenye mstari wa bamba.

"Rudi, kaka. Kumi na nane ni kesho."