Dawa Ipo ya Kutosha

Nashoni hakuwa na glavu, wala buti, wala kitambaa cha kufunika pua. Hakuwa na sabuni shambani, wala maji ya kunawa zaidi ya yale ya mfereji. Hakuwa na chupa yenye karatasi ya maelezo. Dawa ya wadudu alipimiwa kwenye chupa ya soda. Alichokuwa nacho ni bomba la mgongoni, nalo lilikuwa la mzee Joachim, mwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya Igawa.

Asubuhi moja bomba liliziba. Nashoni akafungua kichwa cha bomba, akakipuliza kwa mdomo kama wafanyavyo wapiga dawa wote wa Usangu, akaendelea na kazi. Kabla jua halijawa kali, alikuwa amelala juu ya tuta, jasho, machozi na mate vikimtoka kwa pamoja.

Mkewe, Yunisi, alimfikisha zahanati kwa bodaboda, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa dereva. Tabibu Sosthenes aliagiza avuliwe nguo na kuogeshwa kwa sabuni. Akamfunua kope. Mboni zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

"Amekunywa nini, Mama Helena?" alimuuliza Yunisi.

"Hajanywa, daktari. Dawa ya mpunga imemwingia."

"Basi anataka sindano za atropini, tena nyingi. Hapa dawa hiyo hatuna. Apelekwe Mbeya."

Gari la kijiji kizima lilikuwa moja, pikapu ya mzee Joachim. Yunisi alikwenda kuiomba. Mzee alikubali bila kusita, akasema anamalizia kula tu.

Alipokuwa akila, maji yaliyomtoka Nashoni yalijaza beseni, yakajaza ndoo, yakapita chini ya mlango wa zahanati na kushuka mferejini hadi mashambani. Yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kila yalipopita, viwavi walidondoka kutoka kwenye mpunga, na mpunga wenyewe haukuungua hata jani. Mzee Joachim alisimama tutani akatazama. Kisha akamwambia dereva wake azime gari.

"Shemeji," alimwambia Yunisi, "ninyi Wasukuma mmeumbwa kama ng'ombe wenu. Mtu mwingine angekuwa marehemu."

"Mzee, utani baadaye. Gari."

"Ng'ombe anayekamuliwa hahamishwi. Tukishavuna nitampeleka mwenyewe, tena kiti cha mbele."

Majirani wenye mashamba wakachimba mitaro yao. Zamu za maji zikapangwa bila ugomvi. Kila nyumba ilimletea Nashoni uji kwa heshima, naye alitetemeka, hafi wala haponi, akimtazama mkewe kwa mboni zile ndogo. Alikuwa amebakiwa na neno moja: "Nitoe."

Yunisi akamwita yule dereva wa bodaboda. Walikuwa wameshamwinua mgonjwa pale wanawake wa jirani walipomshika miguu, wakamrudisha kitandani taratibu, wakimkumbusha Yunisi kwamba nao wana watoto.

Habari za mgonjwa zilifika wilayani. Wilaya ikaandika kuuliza kama zahanati inahitaji dawa. Sanduku la atropini lilikuwa tayari huko. Sosthenes alikaa mezani kujibu, Yunisi upande mmoja, mzee Joachim upande mwingine.

"Andika ukweli, daktari," alisema Yunisi.

"Aandike," alisema mzee. "Wameuliza dawa. Hii inayopita miguuni petu ni nini, togwa?"

Sosthenes naye alikuwa na kijaruba chake cha mpunga chini ya mfereji. Aliandika: *Dawa ipo ya kutosha.* Akaitia karatasi kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akavaa glavu, kwa usalama, akainama kitandani, akaupitisha ukingo wa bahasha kwenye kidevu cha Nashoni, akaubana mpaka ukashika.

Akaitoa nje, akamkabidhi yuleyule dereva aliyemleta Nashoni. Dereva aliitia mfuko wa shati, akawasha pikipiki na kuondoka kuelekea wilayani, kiti cha nyuma kikiwa kitupu.